Uzi wa Daraja la Kayadere

Mkanda wa mtoto ulikataa kukauka.

Fundi Feim aliliona jambo hilo siku ya tatu tangu ulipofuliwa, alipotoka darajani kuja kula chakula cha mchana, vumbi la chokaa likiwa bado limemkaa kwenye nyusi. Mkanda ulikuwa umeanikwa juu ya ua, pale pale alipouona asubuhi. Jua la Agosti lilikuwa linaupiga waziwazi, na bado ncha yake ilidondosha maji, tone baada ya tone. Nguo zilizoanikwa kando yake zilikuwa zimekauka hadi kukakamaa. Majani ya tumbaku yaliyotungwa kwenye kamba chini ya upenu yalivunjika ukiyagusa tu. Mkanda peke yake ndio uliolowa.

"Umeufua tena?" alimuuliza Gulten, mkwe wake.

"Sijaufua tangu juzi, baba. Nimeukamua mpaka viganja vinaniuma. Naukamua, unatoa maji. Narudia, unatoa tena." Akausogeza puani kwa mzee. "Hebu nusa."

Feim akanusa. Ulinuka chokaa mbichi na tope la mtoni. Akacheka.

"Hiyo ni harufu yangu mimi. Miaka thelathini mama yako mkwe anaisema, leo imehamia kwa mjukuu."

Gulten hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mumewe Raif yuko jeshini mbali, na kifuani alimshika Nefie, mtoto wao wa kwanza, aliyetimiza mwezi mmoja. Kwa desturi ya kijiji, mtoto mchanga alifungwa kuanzia mabegani hadi miguuni kwa mkanda mrefu wa sufu ili mifupa yake inyooke. Huu alikuwa ameufuma Naile, mke wa Feim, kwa mikono yake, na mtoto alifungwa nao kwa mara ya kwanza siku ya saba, siku aliyopewa jina.

"Na mtoto halii, baba," Gulten alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto gani asiyelia?"

"Mtoto mwenye shukrani," alijibu Feim, akaingia ndani kula maharage yake.

Lakini mzaha ule haukumshuka kooni. Harufu aliijua. Haikuwa ya chokaa yake, ile ya magunia iliyoletwa kwa lori. Ilikuwa ya chokaa ya zamani, iliyokandwa na ute wa mayai na manyoya ya mbuzi, chokaa ambayo hakuna fundi aliyeikanda tangu enzi za masultani. Mahali pamoja tu aliwahi kuinusa: ndani ya tumbo la daraja.

Daraja la Kayadere lilikuwa na matao matatu, la kati likiwa pana na refu hivi kwamba ukisimama chini yake ukapiga kelele, sauti ilikaa juu kidogo kabla ya kukurudia. Misafara ya farasi iliyotoka tambarare ikielekea baharini ilipita juu ya mgongo wake kwa miaka zaidi ya mia nne, na kwato zilikuwa zimechimba vijishimo kwenye mawe, ambamo mvua ikinyesha ndege walikuja kunywa. Waliolijenga walifunga jiwe kwa jiwe kwa vyuma, wakavimiminia risasi iliyoyeyushwa ili visipate kutu. Mto ule ulikuwa mkorofi. Kila kizazi uliyang'oa madaraja ya juu na ya chini ukayapeleka ulikotaka. Hili halikuwahi kutikisika, mpaka majira ya kuchipua ya mwaka ule, mafuriko yalipoleta mti mzima wa msonobari ukagonga nguzo ya kati na kunyofoa mawe kumi na mawili. Mhandisi akaja kutoka mjini, akapima, akamkabidhi Feim kazi na mafundi wanne. Ilipaswa kwisha kabla ya mvua za vuli.

Siku ya kwanza ya kazi, Feim alipotoa jiwe la kumi na tatu lililokuwa limelegea, alikuta nyuma yake tundu lililochongwa kwa ustadi, na ndani ya tundu kibomba cha risasi kisichozidi urefu wa kiganja. Alikifungua kwa patasi. Ndani mlikuwa na uzi mwekundu wa sufu, umezungushwa vizuri, rangi yake mbichi kama uliosokotwa jana.

Mafundi wenzake walikuwa wanakula. Hakuna aliyemwona. Na yeye alijua kilichokuwa mikononi mwake, maana babu yake, mwashi kama yeye, alimsimulia. Daraja lilipojengwa, kila walichokisimamisha mchana kilianguka kabla ya alfajiri. Basi fundi mkuu akamvizia mpita njia, akakipima kivuli chake kwa uzi, kuanzia kisigino mpaka utosi, bila mwenyewe kujua, akauziba uzi ule ndani ya nguzo. Mpita njia alikufa kabla siku arobaini hazijatimia. Kilichobaki ndani ya jiwe wazee walikiita talasimu. Kilikuwa na kazi moja: kubeba daraja.

Feim aliutia uzi kwenye mfuko wa kizibao chake. Alikusudia kuurudisha siku ya kuliweka lile jiwe. Kisha kazi ikamzonga, akasahau.

Akaukumbuka mchana ule, kijiko cha maharage kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Akainuka, akakitoa kizibao msumarini, akatia mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa safi, umefuliwa.

"Mama Raif!" aliita. "Mfukoni humu mlikuwa na uzi."

Naile alikuwa ukumbini, anatunga majani ya tumbaku, sindano ndefu mkononi. Hakuinua kichwa.

"Uzi mwekundu? Nimeuona. Sufu nzuri vile, unaifutia jasho! Nimeufuma kwenye mkanda wa mtoto. Nyekundu inazuia kijicho. Nimeukata vipande vitatu, nimepitisha mwanzo, kati na mwisho." Ndipo akamtazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Kabla Feim hajajibu, Gulten alipiga kelele uani.

Walimkuta amesimama katikati ya ua, penye jua la utosi. Alikuwa amemvua mtoto nguo na kumwinua juu kwa mikono miwili ili apate hewa. Chini, juu ya mawe meupe ya ua, kilikuwako kivuli cha Gulten: kichwa, mabega, mikono miwili iliyonyooshwa. Juu ya mikono ile hapakuwa na kitu. Kivuli kilikuwa kimeubeba utupu.

"Yuko wapi?" Gulten alinong'ona, hali mtoto yumo mikononi mwake anamtazama. "Mama, mwanangu yuko wapi hapo chini?"

Naile alimpokea mtoto, na mikono yake ikashuka ghafla, maana Nefie, ambaye juzi tu alikuwa mwepesi kama mkate, sasa alikuwa na uzito wa jiwe la pembeni, na ngozi yake ilikuwa baridi na yenye unyevunyevu, kama ukuta usioonwa na jua.

Mtu pekee wa kuendewa alikuwa Maalim Tefik. Miaka ile kuandika hirizi na kusomea wagonjwa kulikuwa jambo lililokatazwa na serikali, la kunong'onwa tu, na maalim mwenyewe aliwaambia wageni kwamba yeye ni mfugaji nyuki tu. Alikuja adhuhuri ya siku ya pili yake, chupa ya asali kwapani ili majirani waone ameleta asali. Alisikiliza yote bila kukatiza. Alipomaliza kusikiliza alimgeukia Feim.

"Wewe ni mwashi mwana wa mwashi. Ukaona kibomba, ukakifungua."

"Nilikifungua, maalim."

"Hata punda wangu angelirudisha jiwe." Akaketi. "Huyu mtoto alifungwa mkanda lini?"

"Siku ya saba," alisema Naile. "Leo siku ya ishirini na sita tangu hapo."

"Basi bado kumi na nne. Leteni mkanda, mkasi, na maji yaliyolala usiku kucha."

Walifunga milango. Naile akafumua mkanda ule, mshono kwa mshono, akavitoa vile vipande vitatu vyekundu akavilaza juu ya sinia. Vilikuwa vimelowa. Maalim alianza kusoma kwa sauti ndogo, na kadiri alivyosoma ndivyo chumba kilivyozidi kuwa baridi, na kutoka ukutani, upande wa mtoni, ikaanza kusikika nyundo ndogo, ko, ko, ko, kama mwashi anayetafuta jiwe lenye ufa, ikahama kutoka ukuta huu kwenda ule, ikapita chini ya sakafu, chini ya miguu yao, mpaka ikafika chini ya susu alimolazwa mtoto, na hapo ikanyamaza, na harufu ya tope na chokaa ikapanda hadi Gulten akaziba pua kwa ushungi wake, na katika kimya kile mtoto wa siku thelathini na tatu, ambaye hakuwa na jino wala neno, akafungua kinywa, akasema kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka:

"Nani atabeba?"

Gulten alianguka magotini. Maalim alikuwa ametokwa na jasho, lakini hakuacha kumtazama mtoto.

"Wewe ni nani?"

"Nilikuwa na urefu wangu. Mmeukata."

"Tutaurudisha uzi wako. Mwache mtoto."

"Vipande havina mtu," ilisema sauti. "Mabega yangu yamezoea mzigo. Nipeni mtu mzima, au nitamlea huyu mpaka atoshe."

Kinywa cha mtoto kikafumba. Nefie akatazama dari kwa macho makavu, kana kwamba hajasema lolote.

Maalim alitoka nje, akanawa uso kisimani mara tatu. Feim alimfuata.

"Sikiliza," maalim alisema kwa sauti ya chini. "Yule mtu aliyepimwa alikufa zamani, Mungu amrehemu. Huyu aliyebaki si mtu, ni jini lililovaa kipimo chake. Lilifungwa humo na uzi mzima. Sasa uzi umekatwa, halina vazi, limekamata la karibu."

"Tunafanyaje?"

"Tutajaribu kondoo."

"Na kondoo akikataliwa?"

Maalim alifuta uso. "Mimi sitakwambia upime mtu, Feim. Usiniulize. Hiyo ni damu, na damu haiandikiwi hirizi."

Wakachinja kondoo dume mweusi pale penye kichwa cha daraja, baada ya kupima kivuli chake kwa uzi mpya, na Feim akautia uzi ule ndani ya kibomba, akauziba kwenye tundu kwa chokaa nzito. Asubuhi yake alikuta jiwe limesukumwa nje, limelala mchangani, na kibomba cha risasi kimetupwa katikati ya barabara kimefinywa bapa, kana kwamba mtu alikifinya kwa vidole. Mawe mengine aliyoyajenga wiki ile nayo yalikuwa yamelegea. Mafundi wake wanne walitazamana. Wawili hawakuja kazini kesho yake. Mmoja alituma salamu kwamba anaumwa mgongo, na wa pili hakutuma hata salamu.

Nefie aliendelea kuwa mzito. Siku ya thelathini na tatu tangu afungwe mkanda, susu ilikatika kamba. Gulten akawa anamnyonyesha akiwa ameketi sakafuni, kwa kuwa hakuweza tena kumwinua, na alisema maziwa yakimgusa mtoto mdomoni yanapoa.

Ndipo Feim alipokata shauri.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, amejenga nyumba nusu ya kijiji, mwana wake amekuwa mtu mzima. Yeye ndiye aliyefungua kibomba. Alisubiri jua la asubuhi, akapanda juu ya mgongo wa daraja, akasimama wima kivuli chake kikilala mbele yake juu ya mawe. Akakanyaga ncha moja ya uzi kwa kisigino, akaunyoosha kadiri ya kichwa, akaukata. Mikono ilikuwa inamtetemeka, yeye ambaye timazi mkononi mwake halikuwahi kuyumba. Akauzungusha, akautia ndani ya kibomba kipya alichokiyeyusha mwenyewe, akafunga kwa nta, akakitia mfukoni mwa kizibao. Chokaa aliyokuwa ameikanda ilihitaji kulala usiku mmoja.

Jioni ile walikaa kula. Naile alimmiminia maziwa ya mtindi, akaketi mkabala naye.

"Uko kimya leo, Baba Raif."

"Nimechoka."

"Kesho unaziba?"

"Naziba. Maalim kanipa dawa nyingine." Huo ulikuwa uongo wa kwanza mkubwa aliowahi kumwambia, na aliona aibu kumtazama.

"Vizuri," alisema Naile. "Lete kizibao nikishone kifungo."

Kesho yake, jua lilipopanda, Feim aliingiza kibomba kwenye tundu, akasema bismillahi, akaweka jiwe, akalifunga kwa chuma na risasi ya moto. Risasi ilipoingia, daraja zima liliguna. Fundi aliyekuwa chini ya jukwaa aliacha nyundo yake akakimbia. Kisha kukawa kimya. Feim akaweka kiganja juu ya jiwe: lilikuwa limetulia, kama ng'ombe aliyeridhika.

Alipofika nyumbani alisikia tangu njiani kitu ambacho hakukisikia mwezi mzima. Nefie alikuwa analia. Analia kwa hasira, kwa njaa, kwa mapafu yote, na Gulten amemnyanyua kwa mkono mmoja tu, anacheka na kulia pamoja naye, na juu ya mawe ya ua kivuli kidogo kinatupa mateke.

Feim akahesabu moyoni: siku arobaini.

Alizitumia kwa mpangilio kama anavyotumia mawe. Alimaliza nguzo, na safari hii kila alichojenga kilikaa. Mhandisi akaja, akalipiga daraja kwa mguu, akasifu. Feim akatengeneza paa la zizi. Akamwandikia Raif barua ndefu ya kumwomba radhi kwa vibao vya utotoni. Nyundo zake akamgawia fundi mdogo. Na kwa Naile akawa mpole kuliko alivyowahi kuwa. Akamtekea maji, akamchania kuni, hata majirani wakaanza kumtania.

"Feim, umeoa upya?" mmoja alimrushia njiani.

"Nimeoa yule yule," alijibu. "Nimechelewa tu kumwona."

Jambo moja tu hakuweza kulijua. Katikati ya Septemba ukungu ulishuka bondeni ukakaa, siku ishirini na zaidi, mzito kama sufu isiyochambuliwa, na hakuna aliyekuwa na kivuli, mtu wala mti. Feim alishukuru. Hakutaka kuona chake kikipungua.

Naile naye alikuwa na haraka ya ajabu. Alifuma soksi za mtoto za miaka mitano mbele. Alimfundisha Gulten kugandisha maziwa, kusukuma unga wa chapati nyembamba za jibini, kujua tumbaku ipi imeiva kwa kuisikiliza. Gulten alikuwa analia kila mara akifundishwa, na Feim akadhani ni uchovu wa uzazi.

"Mbona unamkimbiza hivyo huyu binti?" alimuuliza mkewe.

"Baridi inakuja," Naile alisema.

Siku ya arobaini ukungu ukapasuka. Jua lilitoka safi, kali, kama limeoshwa. Feim alikuwa ameshaoga, amevaa shati jeupe, ameketi kizingitini akisubiri, mkono juu ya moyo, akiusikiliza. Moyo ulikuwa unapiga vizuri. Saa sita ikafika. Akajikaza, akatazama miguuni pake.

Kivuli chake kilikuwako. Cheusi, kizima, kofia na yote.

Hakuelewa. Akainua mkono, kivuli kikainua mkono. Akaanza kucheka, akageuka kumwita mkewe, na wakati ule Naile alikuwa anavuka ua akitoka kisimani, ndoo mkononi, anatembea polepole. Kivuli cha ndoo kilikuwa kinateleza juu ya mawe peke yake, kinaning'inia hewani, hakishikwi na mtu, na pale alipokanyaga Naile, mbele yake na nyuma yake, mawe yalikuwa meupe.

"Naile," alisema. Miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina. "Naile, umefanya nini?"

Akaweka ndoo chini. "Nilishona kifungo," alisema.

"Uzi ule ulikuwa wangu!"

"Wako niliuchoma jikoni. Ulidhani sikukuona darajani asubuhi ile? Nilikuletea jibini ulilolisahau. Nikasimama pale chini ya msonobari nikakutazama unavyojipima, mzee mzima, mikono inakutetemeka." Sauti yake ilipungua. "Gulten ndiye aliyeshika ncha ya pili ya uzi wangu. Usimlaumu. Nilimwapisha juu ya kichwa cha mtoto."

Mlangoni Gulten alikuwa amejifunika uso kwa ushungi.

"Mimi ndiye niliyefungua kibomba!"

"Na mimi ndiye niliyeukata uzi, nikamfunga nao mtoto kwa mikono hii. Kila nikifumba macho naiona mikono hii inavuta fundo."

Feim hakungoja zaidi. Alichukua mtaimbo ukutani akakimbia, mzee yule, kupitia njia ya mbuzi, mpaka chini ya nguzo, akaichomeka ncha ya mtaimbo kwenye kiungo cha jiwe la kumi na tatu, akaegemea kwa mwili wote. Chokaa yake mwenyewe, aliyoikanda vizuri kuliko zote maishani mwake, haikukubali. Akaegemea tena. Ikatoka cheche ndogo ya vumbi, na ndani ya jiwe kitu kikavuta pumzi, kama mtu anayeamka.

"Acha."

Naile alikuwa amesimama juu ya ukingo, anapumua kwa shida, amemfuata kwa miguu isiyo na kivuli.

"Ukiutoa, kinarudi kwa Nefie," alisema. "Unajua hivyo."

"Sijui! Hakuna anayejua!"

"Basi, kama hujui, utafanya kwa kubahatisha? Kwa mtoto?"

Feim alibaki ameushika mtaimbo. Mto ulikuwa unapita. Alikaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akauachia, ukaanguka majini, hakujali kuuokota. Akapanda, akamshika mkewe mkono. Ulikuwa baridi, na wenye unyevunyevu. Waliketi pamoja juu ya mgongo wa daraja, penye vile vijishimo vya kwato, na Naile akaegemeza kichwa begani pake. Walizungumza. Walichozungumza hakumwambia mtu yeyote baadaye, si mwanawe wala maalim. Muda wa alasiri ulipoingia, Feim alihisi kichwa kile kimekuwa kizito. Akajua, lakini hakusogea mpaka jua liliposhuka nyuma ya mlima.

Maalim Tefik alimzika, na baada ya mazishi alimvuta Feim kando.

"Usikae sana darajani," alisema. "Na ukiita au ukiitwa pale, usijibu. Kitakuwa na sauti yake, Feim. Kitakuwa na kila kitu chake. Lakini siyo yeye."

"Una hakika?"

Maalim alianza kuondoka. "Usijibu tu," alisema.

Mafuriko ya masika yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko ya mwaka uliopita. Mto uling'oa daraja la mbao la kijiji cha juu, ukang'oa la saruji jipya la kijiji cha chini. La Kayadere lilisimama katikati ya povu, magogo yakiligonga na kugeuka, na watu waliotoka kutazama walisema hawajawahi kuona kitu kilichotulia namna ile. Raif alirudi kutoka jeshini, akalia kaburini kwa mama yake, akamrusha mwanawe juu na kumdaka. Nefie akaota meno, akaanza kutambaa. Alikuwa na kelele nyingi.

Siku moja ya Juni, saa sita mchana, Feim alikuwa anavuka kurudi kutoka sokoni, kifurushi cha chumvi begani. Hakuwa na nia ya kusimama. Alipofika juu ya tao la kati, kutoka chini ya nyayo zake, ndani ya jiwe, sauti ikaita.

Haikumwita yeye. Iliita, "Nefie."

Ilikuwa sauti ya Naile, ile aliyoitumia kumwita Raif utotoni aje kula, yenye kuvuta silabi ya mwisho. Feim aliganda. Alisikiliza kwa mwili mzima, akitafuta ndani ya sauti ile ufa wowote, kama alivyokuwa akiyagonga mawe akisikiliza lipi bovu. Hakuupata. Hakujua kama ni bibi anayemkumbuka mjukuu wake, au ni yule mwingine, aliyeanza kuchoka na kutafuta bega changa.

"Nefie. Njoo."

Ng'ambo, kwenye kizingiti cha nyumba, aliweza kumwona mtoto. Alikuwa ameacha kucheza. Amejiinua kwa kushika nguzo ya mlango, mara ya kwanza maishani mwake kusimama, na uso wake umeelekea darajani.

Mwezi ule ule Feim alimlazimisha Raif ahamie tambarare na mkewe na mtoto, safari ya siku mbili, ng'ambo ya milima. Waligombana sana, maana hakutoa sababu. Gulten hakuuliza, ndiye aliyefunga mizigo. Feim alibaki. Walimsihi, akakataa, na watu wakasema mzee amekuwa mkaidi tangu afiwe.

Kila siku, jua likifika utosini, alitoka na kigoda chake akaketi juu ya tao la kati. Wapita njia walimkuta hapo, wakamsalimia, naye akawaitikia kwa kichwa na kuwangoja wapite. Walipokwisha kufika mbali, aliinamia mawe, akatazama huku na huku kama mtu anayechelea kusikiwa, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Amelala, Naile," alisema taratibu. "Ndiyo kwanza amelala. Usimwamshe."